Hesabu ya Walio Chomboni

Mwenyeji wa Mbulu au wa Hanang aghalabu hukua pasipo kuiona bahari. Maji anayoyajua ni ya Tlawi, ya Basotu, na yale ya Balangida ambayo kiangazi kikikaza hupungua yakaacha weupe wa chumvi chini ya mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,417. Hata hivyo bahari na maziwa makuu yameigusa nchi hii ya milima kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mashine za kuvunia ngano zilizoletwa kwa msaada wa Kanada katika mashamba ya Basotu na jirani zake, katika miaka ya 1970, zilikuja melini. Na leo mwalimu aliyezaliwa Dongobesh akipangiwa shule Ukerewe, au askari wa Haydom akihamishiwa Pemba, au mchuuzi wa vitunguu saumu akienda kutafuta soko Unguja, hana budi kupanda chombo, na akisha kupanda huwa ameiweka roho yake amana kwa watu asiowajua, katika kazi asiyoifahamu.

Kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo inafaa kuisimulia upya, kwa utaratibu na bila ya pupa, habari ya vyombo vya abiria vilivyopotea katika maji ya Tanzania baina ya mwaka 1996 na mwaka 2018. Kila mara upepo ulilaumiwa, mitambo ikalaumiwa, na kudura ikatajwa. Lakini mwenye kuzipanga kadhia hizo mstari mmoja ataona kwamba kila chombo kilikwisha kuhukumiwa kingali gatini, kabla kamba haijafunguliwa, na kwamba katika misiba mitatu iliyo mikubwa kuliko yote jambo moja limejirudia bila kukosa: chombo kilipoondoka hapakuwa na mtu, tangu nahodha hadi mkata tikiti, aliyejua ni roho ngapi zilizokuwamo.

Usafiri wa meli katika Ziwa Viktoria ulizaliwa pamoja na reli. Meli iliyoitwa William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baada yake zikafuata nyingine zilizokuwa chini ya mamlaka ya reli, zikitumia karakana na taratibu zake. Utaratibu huo ulirithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mali yake ikagawanywa kama mirathi ya marehemu. Tanzania ilibaki na meli chache, miongoni mwazo MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, na Shirika la Reli Tanzania likaachiwa dhima ya kuhudumia ziwa kubwa lenye watu wengi kwa vyombo visivyotosha. Ndipo mwaka 1979 ilipoingia majini MV Bukoba, iliyopimwa kuchukua abiria 430 na shehena ya tani 850.

Wakati huo mkoa wa Kagera ulitengwa na Mwanza kwa barabara mbaya, na meli ndiyo iliyokuwa njia ya mwanafunzi, ya mgonjwa, ya mfanyabiashara na ya mkungu wa ndizi. MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapita Kemondo kuchukua watu na mizigo zaidi, ikasafiri usiku kucha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, nao peke yao walikuwa 443, yaani walikwisha kuvuka kipimo cha meli nzima. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa wengi na ndio waliokuwa maskini, hawakuandikwa kabisa. Asubuhi ya tarehe 21, ilipokuwa inakaribia Mwanza, meli ililala ubavu, kisha ikapinduka.

Kwa saa kadhaa ilielea kifudifudi, tumbo lake likitazama mbingu, na waliofika kwa boti na mitumbwi walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Likakatwa tundu katika bati la chini ili walio hai watolewe. Lakini hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikishikilia chombo juu ya maji, ilitoka kwa tundu lile lile, na meli ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga. Waliokata tundu hilo hawakupungukiwa na huruma wala ujasiri. Walichokikosa ni maarifa ya kazi hiyo, na maarifa hayo hayakuwapo kwa kuwa hakuna aliyeyatayarisha kabla ya siku ya haja. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, maafisa wa shirika wakafikishwa mahakamani, na marehemu wengi wakazikwa Igoma, pale Mwanza. Serikali ilihesabu wafu zaidi ya 800, na wengine husema walifikia elfu. Baina ya hesabu hizo mbili pana watu wengi kama wakazi wa kijiji, na taifa halina daftari la kulithibitishia kwamba walikuwamo melini au hawakuwamo.

Kwa msomaji ambaye hajapanda chombo, yafaa kueleza kwa ufupi kwa nini hesabu ni jambo la uhai. Meli husimama wima kwa sababu uzito wake mwingi uko chini, karibu na mkuku, na hiyo ndiyo maana mabaharia wa jahazi walijaza farumi ya mawe kila chombo kilipokosa shehena. Kila mtu asimamaye sitaha ya juu, na kila gunia lipandishwalo juu ya gunia, huuinua uzito huo. Nao ukiinuka kupita kiasi, meli iliyolazwa kidogo na wimbi hukosa nguvu ya kujisimamisha. Mizigo isiyofungwa ikiteleza upande mmoja, au watu wakikimbilia upande mmoja kwa hofu au kwa haraka ya kushuka, yaliyobaki humalizika kwa dakika chache. Kwa hiyo nambari iliyoandikwa katika cheti cha chombo haikuwekwa ili kuwasumbua wenye biashara. Ni matokeo ya vipimo, na mwenye kuivuka huingia mahali ambapo mhandisi aliyeipima hatoi tena ahadi yoyote.

Maradhi haya hayakuwa ya Afrika peke yake. Mwaka 1987 uliiletea dunia mafunzo mawili makubwa. Tarehe 6 Machi kivuko cha Kiingereza kiitwacho Herald of Free Enterprise kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya omo ikiwa wazi. Baharia aliyepasa kuifunga alikuwa amelala, mkubwa wake hakuhakikisha, na nahodha, ambaye kutoka mahali pake hakuweza kuiona, alichukulia kwamba imefungwa. Watu 193 walikufa karibu kabisa na bandari. Uchunguzi ulipofanywa ilidhihirika kwamba manahodha wa kampuni hiyo walikwisha kuomba mapema wawekewe taa ya kuonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa walioko ofisini wakalipuuza ombi. Tarehe 20 Desemba mwaka huo huo, katika maji ya Ufilipino yenye vyombo vingi, meli ya abiria Doña Paz iligongana na meli ya mafuta iitwayo Vector. Orodha rasmi ya abiria ilionyesha watu 1,493. Baadaye ikakubaliwa kwamba waliokufa walizidi 4,000.

Kutokana na misiba ya namna hiyo mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kusimamia usalama, zenye kuidai ofisi ya mwenye meli ijibu kwa yale yanayotendeka melini, badala ya lawama yote kumwangukia baharia wa mwisho. Na ikaamriwa kwamba watu wote walio chomboni wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga. Lakini mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini huzihusu hasa meli zinazotoka nchi moja kwenda nyingine. MV Bukoba haikuvuka mpaka, wala kivuko cha kwenda kisiwani hakivuki mpaka. Vyombo hivi vimeachiwa sheria ya nchi na hima ya wenye kuisimamia. Tanzania, kwa upande wake, haikukosa sheria: mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001, sheria ya meli za biashara ikatungwa mwaka 2003, na Zanzibar nayo ikaunda mamlaka yake ya usafiri baharini. Makaratasi yalikuwa kamili kabla ya msiba uliofuata.

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander I iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ilikuwa gatini Malindi, Unguja, ikipakia kwa safari ya Pemba. Ilikuwa meli iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, na cheti chake kiliruhusu abiria 645. Watu walikuwa wakirudi makwao na kila mmoja na mzigo wake, na mbali na mizigo ya abiria ilikuwamo shehena ya biashara. Wako walioona jinsi chombo kilivyojaa wakalalamika pale pale gatini, na wako walioshuka; lakini malalamiko ya abiria hayana mhuri, na aliyekuwa na mhuri hakuutumia. Meli ikaondoka. Baada ya saa saba za usiku, upande wa Nungwi ambako mkondo ni mkali, ikapinduka, na wenye bahati wakajishikiza kwenye magodoro na vitu vilivyoelea hata kulipokucha. Tume iliyochunguza kadhia hiyo ilitoa taarifa Januari 2012 kwamba chombo kilikuwa na watu 2,470, karibu mara nne ya abiria walioruhusiwa. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Wengine zaidi ya elfu waliandikwa kuwa wamepotea, na familia nyingi za Pemba hazikupata kaburi la kulisomea dua.

Haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikiwa na watu wapatao 290, na waliokufa na kupotea walizidi mia moja. Hapa watu walihesabiwa, na hesabu haikupotoka kwa mbali. Kosa lilikuwa jingine. Chombo hiki kiliundwa Marekani mwaka 1989 kwa kazi ya kuvusha watu katika maji yaliyositirika ya pwani ya Seattle, kisha kikauzwa, kikaletwa kwenye mkondo wa bahari ulio wazi kwa upepo wa kusi. Aliyekiunda hakudanganya, na kusi nayo haikuja kwa siri, maana huja kila mwaka na kila mvuvi wa Chumbe anaijua. Waziri wa Zanzibar mwenye dhamana alijiuzulu, jambo lisilo la kawaida katika siasa zetu, na linalostahili kutajwa kwa heshima.

Pamoja na ujazo na uchakavu ipo hatari nyingine, nayo hukua kila biashara ikuapo: msongamano wa vyombo njiani. Vivuko vya Magogoni na Kigamboni hukata katikati ya mlango mwembamba ambamo meli kubwa huingia na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Vivyo hivyo vivuko vya Likoni hukata njia ya meli ziendazo Kilindini, Mombasa. Mwenye usukani wa kivuko huvuka mara nyingi kwa siku, kwa muda wa dakika chache kila mara, na mazoea hayo ndiyo yanayomlaza macho: jambo lililotendwa mara elfu bila madhara hudhaniwa kuwa halina madhara. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafula kama gari, na nahodha wake huenda asikione kabisa chombo kidogo kilicho chini ya omo yake. Wala ziwani hakukosi migongano. Mei 2005 meli mbili za Uganda zilizo ndugu, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana katika Ziwa Viktoria, na Kabalega ikazama. Ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika halikutosha kuzipisha.

Kadhia ya mwisho katika historia hii ndiyo iliyotokea karibu zaidi na nchi kavu. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikivusha watu kutoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara, na kipimo chake kilikuwa watu 101. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Mtu wa Katesh au wa Dongobesh hahitaji kuelezwa siku hiyo ilikuwaje, kwa kuwa ni kama mnada wa kwetu inapofika alasiri: kila mtu amenunua, kila mtu ana magunia na madumu, jua linashuka, na gari lililopo ndilo la mwisho, basi hata aliyeambiwa pamejaa hujibu kwamba mahali pa mguu mmoja hapakosekani. Kivuko kiliondoka kikiwa kimejaa hivyo. Kilipobakiza makumi machache ya mita kufika gati la Bwisya, watu waliokuwa ufukweni wakikitazama, kikapinduka.

Waliookolewa walikuwa 41, na waliokufa 228; ukiwajumlisha utapata zaidi ya mara mbili na nusu ya kipimo. Jumla hiyo ilipatikana kwa kuhesabu maiti, maana mkata tikiti mwenyewe alikufa, na mashine yake ya tikiti ikapotea majini, kwa hiyo hesabu ilizama pamoja na waliohesabiwa. Usiku ulipoingia uokoaji ulisimamishwa hadi asubuhi. Na Jumamosi fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai kutoka katika chumba kilichobakiwa na hewa. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba alivyoarifiwa, nahodha hakuwamo, na usukani alikuwa amemwachia mtu asiyefundishwa kazi hiyo. Akaamuru wahusika wakamatwe, akatangaza siku nne za maombolezo, na bodi ya wakala wa serikali uliokuwa ukikiendesha kivuko ikavunjwa.

Wahenga walitahadharisha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika kadhia hizi chombo kilikwenda mrama kwa kukosa hata nahodha mmoja mahali pale ambapo safari huamuliwa, yaani mlangoni. Mkata tikiti hulipwa kwa kuuza na hakuna anayemlipa kwa kukataa. Mwenye chombo huona faida ya safari ya leo, na hasara ya chombo kuzama huiona mbali. Msimamizi wa bandari anajua kwamba akikizuia chombo watu mia mbili watalala gatini, watamtukana, na kesho mkubwa wake atapigiwa simu na mtu mzito. Akikiachilia, aghalabu kitafika salama, na hakuna atakayejua kwamba alikosa. Nahodha naye, ambaye kwa sheria ndiye mwenye kauli ya mwisho, ni mwajiriwa kama wengine. Na abiria mwenyewe, tusimwondoe katika insafu hii, hukasirishwa na chombo kujaa pale tu anapokuwa amekwisha kupata nafasi. Kila mmoja amechukua sehemu ndogo ya taksiri, ndogo kiasi cha kutomkosesha usingizi, nazo zote zikikusanywa huwa msiba.

Matangani tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga, na maneno hayo yana faraja yake kwa mfiwa. Lakini Hanang ina haki ya kuyapima, maana imeona maafa ya aina ya pili. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani vikapiga Katesh na vijiji vya jirani, na watu 89 wakapoteza maisha. Mlima hauna cheti ukutani kinachosema utachukua mvua kiasi gani kabla ya kuporomoka. Hata wataalamu hulitafuta jibu hilo kwa shida, na mtu aliyejenga nyumba yake chini ya mlima hakupewa nambari ya kuiheshimu. Chombo kina nambari hiyo. Imeandikwa, imepigwa mhuri, na mara nyingi imebandikwa mahali ambapo kila apandaye aweza kuisoma. Kuyaita maafa haya mawili kwa jina moja la kudura ni kuwadhulumu waliokufa majini, na ni kuwapa walio hai ruhusa ya kurudia.

Tangu hapo yako yaliyotengenezwa. Wakala mpya wa meli ulipewa kazi ya udhibiti mwaka 2018, MV Victoria ikakarabatiwa, na Februari 2023 ikateremshwa majini pale Mwanza MV Mwanza, meli mpya iliyopimwa kuchukua abiria 1,200. Vyombo vipya ni neema, lakini hata MV Bukoba ilikuwa mpya siku moja, na meli ya watu 1,200 ikichukua elfu tatu haitakumbuka kwamba iligharimu fedha nyingi. Kinga yenyewe ni rahisi mno, hata twaona haya kuitaja: mtu mmoja langoni mwenye kifaa cha kuhesabia mkononi, anayebonyeza kila kichwa kipitapo, mtoto na mtu mzima, mwenye tikiti na mjomba wa baharia, anayepeleka nakala ya hesabu hiyo ofisini nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa, na anayefunga lango nambari ikitimia. Gharama ya mtu huyo ni mshahara. Kilicho ghali ni kumlinda, ili siku atakapoliacha gatini kundi la watu wenye hasira, akiwamo mbunge, kesho yake asihamishwe kituo. Nchi itakapoweza kumlinda mtu huyo mmoja katika kila gati, sheria zake zote za tangu mwaka 2001 zitaanza kufanya kazi. Na isipoweza, msafiri wa Mbulu na Hanang ahesabu mwenyewe kwa macho yake, na akiona kipimo kimepita, ashuke pamoja na vitunguu vyake akangoje chombo cha kesho.